Githeri Yako Inakataa Kuiva? Usilaumu Gesi, Soma Hii Kwanza

Kwa kila ploti ya Makutano pale Meru, ama Majimbo pale Embu, kuna wasee wawili. Wa kwanza anachemsha githeri Jumapili, na hadi Jumatano anadishi fiti bila kuomba mtu kitu. Wa pili alijaribu mara moja tu. Gesi ikaisha, mahindi yakabaki ngumu kama kokoto, akaapa hiyo ni kazi ya shosho huko ocha. Tangu hapo yeye ni mtu wa kibandaski asubuhi, mchana na jioni, na kila tarehe 15 anashangaa mkwanja huendanga wapi.

Watu hudhani tofauti ya hawa wawili ni kipaji. Zii. Mmoja anajua kenye kinaendelea ndani ya sufuria, mwingine anangoja miujiza. Githeri haitaki mapishi ya TV. Inataka maji, moto na subira, kila kitu kwa wakati wake. Ukivuruga mpangilio, hakuna kitunguu itakuokoa. Na kuna makosa mengine hayaharibu lunch pekee, yanaweza kukupeleka hospitali.

Hii hapa ndio rada yote, kutoka soko hadi sahani.

Kwanza, heshimu githeri

Wameru huiita muthere, Wakamba isyo, na Kenya nzima imekubali jina githeri. Shule za bweni ziliichafulia jina, ile ya supu nyeusi na wadudu wanaelea juu. Halafu ikaja Agosti 8, 2017, siku ya uchaguzi. Picha ya Martin Kamotho akidishi githeri kwa laini ya kupiga kura Kayole ikafanya nchi nzima icheke, akabatizwa Githeriman. Kabla mwaka uishe alikuwa ametunukiwa nishani na Rais. Chakula ya msoto ikaomoka.

Lakini wacha vichekesho. Kwa nini mahindi na maharagwe hupikwa pamoja? Mwili wako unajenga misuli kwa protini, na protini imeundwa na vipande vidogo vidogo. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja kinaitwa laisini. Maharagwe yamejaa hiyo laisini, lakini yana upungufu wa kipande kingine, methionini, ambacho mahindi yako nacho. Ukiviweka kwa sahani moja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini hiyo hesabu waliipata.

Kwa hivyo ukikula githeri, si ati umekosa nyama ndio unajipa moyo. Umekula chakula iko kamili.

Soko: uliza swali moja tu

Ukienda Gakoromone pale Meru, ama soko la Runyenjes ama Embu mjini, utapata maharagwe ya kila rangi: nyayo, wairimu, rosecoco, mwitemania, ya njano. Wengi huchagua kwa bei ama kwa rangi. Swali la maana ni lingine: "Mathe, hii ni ya msimu huu?"

Sababu ni hii. Maharagwe yakikaa stoo miezi mingi, hasa penye kuna joto na unyevu, ngozi yake na ile gundi inashika chembe zake ndani hubadilika. Maji hayaingii tena vizuri. Hayo unaweza kuchemsha mchana mzima na bado yakae kama marisasi. Si gesi yako iko na shida, ni umri wa maharagwe.

Huku Meru na Embu kuna mvua mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Mavuno mapya huanza kujaza soko mwanzo wa mwaka, halafu tena katikati ya mwaka. Hizo ndizo wiki za kununua. Maharagwe mapya yanang'aa na ngozi yake imenyooka. Yale ya kitambo yamefifia rangi, mengine yamejikunja.

Mambo mengine mawili ya soko. Usichanganye ya jana na ya mwaka jana kwa gorogoro moja, juu nusu itaiva na nusu itakataa. Na kama hupendi kungojea, uliza maharagwe ya njano, ama aina inaitwa Nyota. Hii Nyota ilitolewa na shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, na inasifika kwa kuiva haraka na kuwa na madini mengi ya chuma na zinki.

Ukibahatika kupata mahindi mabichi na maharagwe mabichi ya kutoa kwa maganda, shukuru. Hayo hayalowekwi, na mara nyingi chini ya saa moja umemaliza.

Chambua. Hii si mchezo

Watu wa keja huruka hii hatua juu inaboesha. Usiruke.

Mahindi yakihifadhiwa kabla yakauke vizuri, kuvu inaingia na kuacha sumu inaitwa aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hii iliwapata watu 317 kwa mahindi ya nyumbani, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walikuwa Makueni na Kitui, kwa mkoa ule ule wa Mashariki ambao Meru na Embu zilikuwa ndani yake wakati huo. Kwa hivyo hii si story ya nchi za mbali.

Jambo la kuogopesha ni kwamba kuchemsha hakuiondoi. Unaweza kupika masaa matano na sumu ibaki pale pale. Kinga yako ni macho na mikono.

Mwaga mahindi kwa sinia, mahali kuna mwangaza. Toa punje zenye kuvu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu. Halafu mimina maji, na zile zinaelea juu zitupe pia. Kama gunia lenyewe linanuka uvundo, usinunue hata kama bei ni ya kutupa. Na hizo punje mbaya usiwapee kuku, juu sumu inaweza kuwadhuru na wao.

Kuna pia muthokoi, yale mahindi yametolewa ngozi, na majirani wa Ukambani ndio wataalamu. Kutoa ngozi husaidia kupunguza hiyo sumu kama iko, na pia muthokoi inaiva haraka kuliko mahindi mazima.

Kulowekwa: kazi unafanya ukiwa umelala

Hapa ndio gesi yako inaokolewa. Punje kavu haiwezi kuiva mpaka maji yafike katikati. Ukiiweka kwa moto ikiwa kavu, unalipa gesi ili kufanya kazi ambayo maji baridi yangefanya bure usiku.

Kwa mtu mmoja ama wawili, pima vikombe 2 vya mahindi na kikombe 1 na nusu ya maharagwe. Vikiiva vitakupa zaidi ya vikombe 7 vya githeri. Loweka kila kimoja kwa bakuli yake, maji mara tatu ya punje, masaa 8 hadi 12. Loweka ukienda kulala, asubuhi kazi imeisha.

Umesahau kuloweka? Kuna njia ya mkato ya halali. Chemsha maharagwe dakika 2, zima moto, funika, wacha saa moja. Haifiki ile ya usiku, lakini ni afadhali kuliko kuanza kavu.

Asubuhi mwaga hayo maji na uoshe tena. Yamebeba sehemu ya zile sukari ambazo tumbo lako haliwezi kusaga. Bakteria wa tumbo huzila wao, wanatoa hewa, na ndio unaaibika kwa matatu ya Chuka. Hapa hakuna uchawi, ni sukari tu.

Na hii ya chumvi? Umeambiwa ati chumvi hufanya maharagwe yakatae kuiva. Kwa kweli, kijiko kidogo cha chumvi kwa maji ya kulowekea husaidia ngozi kulainika. Adui wa kweli ni vitu vichachu, yaani nyanya, limau na siki. Asidi inakaza ile gundi inashika chembe za punje. Kwa hivyo nyanya haiingii kwa sufuria mpaka kila punje ibonyee kwa kidole. Hiyo sheria ukiishika peke yake, tayari umepita nusu ya mtaa.

Moto: kwa nini Meru si Mombasa

Hapa kuna siri wengi hawajawahi kuambiwa. Maji ya Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Mji wa Embu uko kama mita 1,350 juu ya bahari na Meru kama mita 1,500. Huku juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa kama nyuzi 95. Ukipanda Timau, zaidi ya mita 2,000, inashuka hadi kama 93.

Inamaanisha nini? Hata ukifungulia gesi mpaka mwisho, maji yako hayawezi kupita hapo. Yatachemka kwa fujo, yataruka, yataisha mvuke, lakini joto ni lile lile. Ndio maana ile muda umeona kwa video ya msee wa pwani haikufanyii kazi. Ongeza muda, usiongeze moto.

Mpangilio uko hivi:

Moja. Anza na mahindi peke yake, juu yanachukua muda mrefu kuliko maharagwe. Maji yapite juu ya punje kwa vidole vitatu. Yape kama saa moja.

Mbili. Ongeza maharagwe yaliyolowekwa na uongeze maji. Rudisha moto mkali mpaka maji yachemke kabisa, na yaendelee kuchemka kwa nguvu kwa dakika 30.

Tatu. Baada ya hizo dakika 30, punguza moto mpaka uone viputo vidogo tu. Funika. Ukihitaji kuongeza maji, ongeza ya moto. Ya baridi yanashusha joto na unaanza kulipa upya.

Nne. Onja punje tano tofauti. Si moja, tano. Zote zikibonyea kwa ulimi, zima. Kwa punje zilizolowekwa, hesabu kama masaa mawili na nusu hadi matatu kwa jumla.

Hizo dakika 30 za moto mkali si mapambo. Maharagwe mekundu, hasa yale makubwa, yana sumu ya asili iko kwa kundi la lektini. Punje nne ama tano mbichi zinaweza kukufanya utapike ndani ya masaa matatu, halafu tumbo ifungulie maji. Moto wa kuchemka unaiua kabisa. Moto wa uvuguvugu hauiui, na unaweza hata kuiongezea nguvu. Kwa hivyo ule mchezo wa kuweka maharagwe kwa jiko limekaribia kuzima na kwenda kulala, wacha.

Njia za mkato: gani sawa, gani ni noma

Magadi. Huyu anajulikana. Kijiko kidogo kinalainisha maharagwe haraka, lakini kinaharibu vitamini B1, na ukizidisha githeri inakuwa na utelezi na ladha ya sabuni. Kama maharagwe ni ya kitambo kabisa na huna lingine, weka kidogo sana kwa ncha ya kijiko. Kama umeloweka, huhitaji.

Dawa za maumivu. Umesikia story ya watu kutupa tembe kwa sufuria ndio chakula iive mbio. Kama kuna msee kwa mbogi yenu anafanya hiyo, mwambieni aache leo. Dawa ya maumivu ikizidi kipimo inaharibu ini, na kwa sufuria hakuna kipimo. Hujui nani amekula kiasi gani, hujui nani alikuwa amemeza zingine asubuhi.

Sufuria ya presha. Hii ndio njia ya mkato ya ukweli, na kwa watu wa milimani ina maana zaidi. Mvuke ukifungiwa ndani, maji hupita nyuzi 110 kabla yachemke. Ule urefu wa Meru unafutwa. Mahindi na maharagwe yaliyolowekwa yanaweza kuingia pamoja, na baada ya sufuria kuanza kupiga mluzi, dakika 40 hadi 45 zinatosha. Sheria ni tatu: usijaze kupita nusu, juu maharagwe hutoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Kagua hilo tundu kabla ya kufunika. Na usilazimishe mfuniko kufunguka, ngoja presha ishuke yenyewe. Kama mko wanne kwa ploti, changeni mnunue moja.

Kikapu cha kupikia. Hiki ni kikapu kimejazwa nguo ama sponji ndani, ili joto lisitoke. Unachemsha githeri kwa nguvu dakika 40, unaitoa kwa moto na mfuniko wake, unaifunga ndani ya kikapu. Masaa manne inaendelea kuiva bila gesi. Ukiitoa, ichemshe tena vizuri mpaka mahindi yalainike. Blanketi kuukuu na karatoni zinafanya kazi pia. Lakini kumbuka, ule moto mkali wa mwanzo lazima.

Jiko la makaa. Watu wengi huchemshia githeri nje halafu wakaangie kwa gesi. Poa sana. Lakini Julai baridi ikibana Meru, kuna wasee huingiza jiko ndani na kufunga dirisha ili keja iwe na joto. Makaa hutoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, inakulaza na huamki. Jiko likae nje, hata kama linaonekana limekaribia kuzima. Hakuna githeri ya kufa nayo.

Kukaanga: hapa ndio jina hujengwa

Githeri imeiva, iko plain. Sasa usitupe vitu vyote kwa sufuria mara moja. Kila kiungo kina zamu yake.

Mafuta kidogo, kitunguu kiwe cha kwanza. Moto wa katikati, koroga mpaka kibadilike rangi kiwe kama dhahabu. Hiyo ni kama dakika 6 hadi 8, si 2. Kitunguu kibichi kwa mchuzi ndio hufanya chakula ya keja iwe na ladha ya keja.

Halafu saumu na tangawizi, dakika moja tu, juu saumu ikiungua inakuwa chungu. Kama unatumia bizari ama paprika, weka hapa pia. Viungo vingi hutoa harufu yake kwa mafuta, si kwa maji.

Sasa nyanya. Hapa ndio wengi huharakisha. Pika mpaka nyanya zivunjike kabisa na uone mafuta yakitoka pembeni. Hiyo ndio ishara kwamba maji yameisha na uchachu umetulia. Kabla ya hapo, mchuzi wako ni maji mekundu tu.

Karoti na waru zilizokatwa ndogo zinafuata, na supu kidogo ya githeri. Hiyo supu usiwahi kumwaga. Ina wanga na ladha yote. Waru zikilainika, weka githeri na chumvi. Chukua vijiko viwili vya maharagwe, viponde, uvirudishe kwa sufuria. Mchuzi unakuwa mzito bila unga wala nini. Mwisho ni hoho na dania, halafu zima.

Pembeni weka avokado. Mkoa huu zimejaa, na githeri bila avokado ni kama matatu bila muziki. Inafika, lakini hakuna mtu anafurahia.

Sufuria moja, sahani tatu

Watu huchoka na githeri juu wanaila namna moja siku nne mfululizo. Usifanye hivyo. Ikishaiva plain, igawe kabla ya kukaanga.

Siku ya kwanza ni githeri ya kukaanga, kama hapo juu.

Siku ya pili ni mukimo. Chemsha waru, na kwa Meru wengi huongeza ndizi mbichi. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya hizo ndizo, utomvu usikushike. Majani ya malenge yachemshe kando dakika 5 tu, uyaponde, ndio yabaki kijani. Mwaga maji ya waru lakini bakisha kikombe kimoja. Ponda zikiwa moto, juu waru zikipoa zinakuwa nzito na zinanata kama gundi. Changanya na githeri na majani, ongeza yale maji kidogo kidogo mpaka mukimo ukae vile unapenda.

Siku ya tatu ni madondo na mchele wa Mwea. Wakati unachemsha Jumapili, ongeza maharagwe kikombe kimoja kwa sufuria yao peke yao, uwe na akiba. Pishori ioshe mara mbili, iloweke dakika 20, tia kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha maji. Ikikauka juu, moto wa chini kabisa dakika 10, kisha zima na uwache imefunikwa dakika 10 zingine. Usiikoroge. Ukikoroga punje zinavunjika, na pishori yako inageuka uji.

Huna friji? Sikiza hapa

Githeri iliyoachwa juu ya meza usiku mzima si sawa na ile umeichemsha asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na chakula ikikaa vuguvugu zinaamka. Dawa ni kuipoza haraka na kuitenga.

Kama kuna friji, igawe kwa mikebe midogo, ipoe ndani ya masaa mawili, iingie. Kwa friji inakaa siku 3 hadi 4, na kwa friza hadi miezi kadhaa.

Kama hakuna friji, pika kidogo. Weka sufuria kwa beseni ya maji baridi ipoe mbio, funika, na uichemshe tena kabla ya kulala na asubuhi ukiamka. Isipite siku ya pili. Iliyokaangwa na nyanya na kitunguu huchacha haraka kuliko ya plain, kwa hivyo kaanga ile utamaliza. Ikitoa povu, utelezi ama harufu ya uchachu, mwaga. Hiyo hasara ni ndogo kuliko ya hospitali.

Na chai je?

Hii itauma watu wa Imenti na Runyenjes, juu majani chai ndiyo imelipa karo za wengi wetu. Maharagwe yana madini ya chuma, yale yanajenga damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula, inashika hayo madini na yanapita bila kuingia mwilini. Hasa kwa madem na wamama wajawazito, hiyo ni hasara kubwa.

Suluhisho ni rahisi. Kunywa chai saa moja baadaye. Na kwa sahani weka kitu iko na vitamini C, kama kachumbari, sukuma haijapikwa sana, ama chungwa baada ya kula. Hiyo vitamini hufungulia chuma mlango.

Rada kwa ufupi

Jumamosi mchana, soko: maharagwe ya msimu huu, mahindi makavu yasiyo na uvundo. Jioni, chambua na uloweke. Jumapili asubuhi, mwaga maji, anza na mahindi, ongeza maharagwe, dakika 30 za moto mkali, halafu moto wa chini. Nyanya mbali mpaka kila kitu kiive. Gawa, poza, hifadhi.

Komredi wa Nchiru ama wa Chuo Kikuu cha Embu, fanya hesabu yako mwenyewe. Andika kile umetumia kibandaski wiki hii, halafu kile utatumia wiki ijayo ukipika sufuria moja Jumapili. Hakuna haja tukuambie tofauti ni ngapi. Njaanuary ikifika, wewe utakuwa unauliza mtu wa mlango wa pili kama amekula.